Jalidi si barafu, na haianguki kutoka juu

Hapa Lamu ukitaja jalidi watu wanafikiria jalada la kitabu, na simlaumu mtu manake visiwa hivi ni vya vitabu, Siyu walikuwa wakinakili misahafu na kuijalidi toka zamani. Lakini kuna jalidi ingine, neno la zamani la ule weupe unaoganda juu ya majani na ardhi alfajiri kwenye nchi za baridi, nalo limetoka Kiarabu, jalid.

Wengi wanasema jalidi, barafu na theluji ni kitu kimoja. Hapana jamani. Theluji inashuka toka mawinguni, barafu ni maji yaliyoganda, ile wavuvi wetu wanapakia mashuani kuwekea samaki. Na wale wanaoapa ati barafu na baridi ni mtu na nduguye, si kweli, baridi ni Kiarabu, barafu ni ya Kifarsi, barf, ambayo kwao ndiyo theluji.

Ile inayonikera zaidi ni kusema jalidi inaanguka usiku kama mvua. Haianguki! Inafanyika palepale. Usiku ukiwa hauna mawingu na upepo umetulia, ardhi inapoteza joto lake linaenda juu, jani linapoa mpaka chini ya nyuzi 0, basi mvuke ulioko hewani ukiligusa unaganda hapohapo bila kupitia hali ya maji. Kukiwa na mawingu joto linarudishwa chini, kama umejifunika blanketi, ndo maana usiku wa mawingu jalidi ni nadra. Tena hewa baridi ni nzito, inateremka mabondeni, kwa hivo shamba la bondeni linaweza kuungua kwa jalidi na la juu mlimani likapona, watu wanashangaa.

Halafu wengine, ati mambo haya ni ya Ulaya. Januari 2012 chai ya Kericho na Nandi, kule nyanda za juu, iliungua kwa jalidi, na Januari kwetu ni kaskazi, msimu mkavu, tunatoka jasho! Ukavu uleule na mbingu zile safi ndizo zinazoponza huko juu.

Na msiseme Kiswahili hakina neno ndo mkaandika frosti. Yako mawili, jalidi na sakitu, na hilo la pili liko hata kwenye Biblia ya Kiswahili, Kutoka 16:14, mana inafananishwa na sakitu juu ya nchi.