Kabla ya kugawa viwanja, hesabu mvuke

Michoro ya kongani za viwanda inayoletwa mezani kwangu karibu yote huanza na viwanja. Barabara katikati, viwanja vya ekari tano tano pande zote, geti, jengo la utawala, na pembeni kabisa, pale palipobaki, kimraba kimeandikwa "maji taka". Halafu kwenye barua ya maelezo mwekezaji anasema anataka kongani rafiki kwa mazingira, ambamo mabaki ya kiwanda kimoja ni malighafi ya kingine na joto la huyu linamfaa yule. Nia ni njema na ninaiunga mkono kwa moyo wote. Ila kwa mchoro ule haitatimia.

Mvuke una umbali wake. Ukishapita kilomita chache, hata kwenye bomba lililovikwa vizuri, shinikizo linashuka na sehemu yake imegeuka maji njiani. Maji ya moto yanavumilia zaidi. Yanaweza kwenda makumi ya kilomita. Tope lililojaa maji halifai kusafirishwa mbali, maana unalipia dizeli ya lori kubeba maji. Kwa hiyo nani akae jirani na nani ni swali la kujibiwa kabla mpimaji hajachimbia bikoni ya kwanza.

Wenzangu wa fani hii ya kupanga kongani, wakizungumzia viwanda vinavyobadilishana mabaki na joto, wote hutolea mfano Kalundborg, mji wa watu wapatao 16,000 kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Sjælland, Denmark. Ni mfano sahihi, lakini wengi wanausimulia kana kwamba kuna mtu aliyekaa akauchora. Hakuna aliyeuchora. Ulianza na shida ya maji: maji ya ardhini yalikuwa haba, na mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kuvuta maji ya ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi, zile zile ambazo huku tunazipiga kwenye dari na kuziita jipsamu, kikaja kukaa pale ili kitumie gesi ya ziada ya kiwanda cha mafuta. Mwaka 1976 kampuni ya dawa ya Novo ikaanza kuwapelekea wakulima tope lake kama mbolea. Kituo cha umeme cha Asnæs kikauza majivu yake kwa wenye saruji, mwaka 1981 kikaanza kupasha joto nyumba za mji, na mwaka uliofuata kikawauzia mvuke Novo na kiwanda cha mafuta. Mwaka 1993 Asnæs wakafunga mtambo wa kuondoa salfa kwenye moshi wa makaa ya mawe. Mtambo huo hutumia chokaa, na kinachotoka ni jasi. Kiwanda cha dari kikapata mlangoni kitu kilichokuwa kikiagizwa kutoka Uhispania. Jina la ushirikiano huu, yaani viwanda kuishi kwa kutegemeana, lilikuja mwaka 1989, mambo yenyewe yakiwa yameshakwenda miaka zaidi ya ishirini.

Kila bomba pale lilikuwa mkataba wa watu wawili, na kila mmoja aliona faida yake. Wamarekani walipojaribu njia ya kinyume katika miaka ya 1990, wakateua maeneo kama Cape Charles, Brownsville na Chattanooga wakitaraji viwanda vitakavyobadilishana mabaki vije vyenyewe, mingi ya miradi hiyo haikufika ilikokusudiwa. Mtafiti Marian Chertow wa Chuo Kikuu cha Yale aliichunguza upya mwaka 2007, na hitimisho lake ndilo ninalofanyia kazi: tafuta kwanza mabadilishano ambayo tayari yapo, hata madogo, uyakuze.

Huku kwetu yapo. Hasa kwenye sukari. Kiwanda cha TPC, kule Arusha Chini kusini mwa Moshi, huchoma makapi ya miwa, hujiendesha kwa umeme wake na ziada huliuzia shirika la umeme, TANESCO. Kilombero kuna kiwanda cha spiriti kinachokula molasi, yale masalia mazito ya sukari. Muhoroni, Kenya, molasi imekuwa ikigeuzwa spiriti kwa miongo kadhaa. Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yalianza kuzalisha gesi na umeme mwaka 2007. Naivasha, shamba la maua la Oserian lilipasha mabanda ya waridi kwa joto la kisima cha mvuke wa ardhini cha Olkaria, na hewa ya ukaa iliyotoka kisimani ikalishwa maua. Hapa ndipo pa kuanzia.

Chukulia kiwanda cha sukari kinachosaga tani 4,000 za miwa kwa siku. Karibu asilimia 30 ya uzito huo ni makapi, nusu yake ikiwa unyevu. Hizo ni tani 1,200 kila siku. Molasi ni karibu tani 150. Ukiipeleka molasi hiyo kwenye kiwanda cha spiriti kilicho jirani unapata kama lita 37,000 za ethanoli, na nyuma yake, kwa kila lita moja, lita 10 hadi 15 za maji machafu meusi yanayotoka yakiwa ya moto. Mpangaji asiyehesabu maji hayo hajapanga kitu. Yakiingia mtoni yanamaliza oksijeni na samaki wanaelea. Lakini yakipitishwa kwanza kwenye matangi ya kuzalisha gesi, kisha yakachanganywa na maji ya umwagiliaji kwa kipimo, yanarudisha shambani potasiamu ambayo mkulima angeinunua kwenye mifuko. Hiyo ina maana kiwanda cha spiriti kikae upande wa shamba, kwenye mteremko, ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Kwenye ile michoro ninayoletewa huwa kimewekwa karibu na geti, kwa sababu malori yake ni mengi.

Mvuke nao una ngazi. Boila ya kisasa inautoa kwa shinikizo la baa 45 na zaidi (baa moja ni karibu shinikizo la hewa ya kawaida), na hapo unapita kwenye turbaini kwanza, kwa sababu mvuke mkali ni wa kuzalishia umeme. Unaotoka chini ya turbaini, wa nyuzi joto kama 130, ndio unaochemsha maji ya miwa, na ndio unaoweza kumfikia jirani anayechemsha maziwa au kupaka nguo rangi. Baada yake anakuja anayekausha mbao au mahindi, ambaye nyuzi 70 zinamtosha. Kumpa mkausha mbao mvuke wa baa 45 ni hasara ambayo hakuna anayeiona kwenye vitabu, lakini nishati inaondoka nayo.

Sehemu inayonisumbua zaidi ni bomba la kurudi. Mvuke ukishatoa joto lake kwa jirani unageuka maji safi ya nyuzi 80 au 90, na mwenye boila anayataka arudishiwe, kwani ameyalipia kuyasafisha na kuyapasha. Sasa, kifaa cha jirani kikitoboka ndani, maziwa au rangi au sukari inaingia kwenye maji hayo. Sukari kidogo tu kwenye boila inageuka asidi, maji yanatoa povu, mabomba yanaliwa. Ndiyo maana kwenye mpaka wa kila kiwanja naweka kipimo kinachosoma maji yanayorudi muda wote, na vali inayoyamwaga nje yenyewe yakiwa machafu. Kwa sukari kipimo cha chumvichumvi, kinachopima kwa umeme, pekee hakitoshi, maana sukari haiongezi upitishaji wa umeme kwenye maji. Unahitaji kinachopima kaboni inayoletwa na vitu kama sukari. Ni kifaa cha bei, na mara nyingi ndicho cha kwanza kufutwa bajeti ikibanwa. Nikiona kimefutwa, nafuta na bomba la kurudi.

Halafu kuna masika. Kiwanda cha sukari husimama mvua zikikolea, mashamba yakiwa matope, na hapo makapi yanakatika. Jirani wa maziwa hawezi kuwaambia ng'ombe wasubiri. Unaweza kuhifadhi makapi kwa lundo kubwa, ukijua lundo linajipasha ndani kwa ndani na kuwaka lisipoangaliwa. Unaweza kuongezea pumba za mpunga au kuni za mashamba ya miti. Mimi husisitiza kila mnunuzi wa mvuke abaki na boila yake ndogo, iwashwe na kujaribiwa kabla ya msimu kufungwa. Wawekezaji hulalamika kwamba hiyo ni gharama mara mbili. Ni kweli ni gharama, na bila hiyo benki makini haitakopesha kiwanda cha maziwa kinachotegemea miwa ya mtu mwingine.

Mkataba wa mvuke, kwa maoni yangu, ni muhimu kuliko bomba lenyewe. Bei ifungwe kwenye gharama ya nishati ambayo mnunuzi angetumia kama jirani asingekuwepo, ikipungua kiasi cha kumvutia. Uwe na kiwango cha chini ambacho mmoja analazimika kutoa na mwingine kuchukua. Na useme muda wa taarifa endapo mmoja anaondoka au anabadili teknolojia, kwa sababu atabadili. Kalundborg kwenyewe, Asnæs walipoacha makaa ya mawe kuanzia 2019 na kuchoma vipande vya mbao, mvuke uliendelea kwenda kwa majirani, ila pasipo makaa hakuna jasi ile. Hilo lilikuwa jambo jema kwa hewa, na mnunuzi wa mabaki lazima aishi akijua kwamba mwenzake akiwa msafi zaidi, mabaki yatapungua.

Kwa kongani mpya, kwa hiyo, ninachoomba ni kiwanda mama kimoja kilichokwisha kuamua kuja, orodha ya kila kinachoingia na kutoka humo kwa tani, nyuzi joto na mwezi, na mkuza wa mabomba, yaani ukanda wa kuyapitishia, wa upana usiopungua mita 10 uliotengwa kwenye ramani hata kama leo hauna bomba. Mkuza ukishajengewa hautarudi. Mabadilishano yenyewe yaingizwe kwenye tathmini moja ya athari kwa mazingira itakayopelekwa kwa mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, maana kila kiwanda kikiomba peke yake, kile ambacho jirani anakihitaji kitaandikwa "taka", na taka za hatari zina vibali vyake vya kusafirishwa.

Na aajiriwe mtu. Kalundborg mji ni mdogo, mameneja walikuwa wakifahamiana na kukutana nje ya kazi; kwenye kongani kama Kwala, mkoani Pwani, yenye wawekezaji wa mataifa na lugha tofauti, ufahamiano huo hautatokea wenyewe. Anahitajika mhandisi asiye wa kiwanda chochote, anayeruhusiwa kuona takwimu za wote na kuzitunza siri, anayewakutanisha mameneja wa uzalishaji kila mwezi. Mshahara wake uingie kwenye tozo ya huduma inayolipwa na kila mpangaji, tangu mkataba wa kwanza wa kiwanja.