Je, wajua kwa nini mazuku humuua mbuzi na kumwacha mchungaji wake amesimama?

Mtoto wa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, huonywa mapema kuhusu mazuku, yale mashimo na vibonde katikati ya mawe meusi ya volkano, hasa magharibi ya mji kuelekea Sake. Mbuzi hushuka humo kufuata majani na hapandi tena. Mchungaji aliye ukingoni haoni moshi wala hasikii harufu, naye hana hata kizunguzungu.

Sababu yake inaweza kuonekana darasani. Chukua beseni lenye kina, simamisha ndani mishumaa mitatu: mmoja mfupi kama kidole, wa pili wa wastani, wa tatu uzidi ukingo. Tandaza magadi soda chini, washa mishumaa, halafu waulize wanafunzi upi utazimika kwanza. Usiruke hatua hii. Mtoto aliyekwisha kubashiri hutazama kwa macho mengine kabisa. Sasa mimina siki polepole pembeni. Povu litapanda, mshumaa mfupi utazimika, kisha wa wastani. Ule mrefu utaendelea kuwaka.

Siki na magadi soda vikikutana hutoa hewa ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hujaa kuanzia chini kama maji. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, iliyo chini ya milima ya volkano ya Virunga hutoa gesi hiyohiyo, nayo hupenya kwenye nyufa za miamba hadi mabondeni. Hewa tunayovuta kila siku ina hewa ukaa takriban 0.04% tu. Ndani ya mazuku inaweza kupita 10%, na hapo mtu hupoteza fahamu kwa dakika chache. Pua ya mbuzi iko chini, ya mchungaji iko juu. Mtoto mdogo, au mtu aliyelala chini, yuko upande wa mbuzi. Usiku usio na upepo gesi hurundikana. Jua likipanda na upepo ukivuma, hupungua.

Mwanafunzi mwerevu ataleta pingamizi, na apewe nafasi. Ukiifunika mishumaa ileile kwa chupa kubwa ya kioo, bila siki, mara nyingi ule mrefu ndio huzimika kwanza! Mbona gesi ni ileile? Tofauti ni joto. Gesi itokayo kwenye mwali ni ya moto, hupanda na kujikusanya juu ya chupa. Ya beseni ni baridi, kama ile ya mazuku, ambayo hupoa njiani ikipanda kutoka ardhini. Mimi naona somo zima liko hapa: uzito wa gesi hauelezi kila kitu mpaka ujue na joto lake.

Jambo moja lisemwe darasani bila kuzungukazunguka. Mshumaa si kipimo cha usalama. Mwali unaweza kuendelea kuwaka mahali ambapo hewa ukaa imekwisha kuwa hatari kwa mtu. Na ukimwona mtu au mnyama ameanguka ndani ya mazuku, usishuke kumfuata. Mwite mtu mzima, mtafute kamba au mti mrefu, mumvute mkiwa juu.