Ramani za volkano za Goma: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) ikibanana, mlima ni mrefu.
Ukweli: Mteremko ni mkali tu. Mlima Karisimbi una mita 4,507 na Mikeno mita 4,437, ila mistari ya Mikeno ndiyo iliyosongamana: mlima huo mkongwe umemomonyoka ukabaki kuta tupu. Urefu husomwa kwenye tarakimu.

Dhana: Lava hutoka kileleni, basi inatosha kupima umbali hadi kwenye kasoko.
Ukweli: Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, upande wa kusini, na nyufa zikateremka hadi karibu na mji. Lava ikakata Goma katikati, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Kilele kiko mita 3,470, Ziwa Kivu mita 1,460 hivi, na mteremko huo unatuelekea sisi wa Goma. Ukitaka kukisia njia ya lava, weka kalamu penye ufa, kisha shuka ukiukata kila mstari kwa pembe mraba. Ila kwanza soma mwaka wa ramani. Iliyochorwa kabla ya 1977 haiijui lava ya mwaka huo, wala ya 2002, wala ya 2021. Na lava ikishajaza bonde, inayofuata hutafuta pengine.

Dhana: Ramani isipoonyesha shimo, hakuna shimo.
Ukweli: Kosa hili huua. Kama mistari imepishana kwa mita 20 za kimo, shimo la mita 5 linaweza kukaa katikati bila kuonekana kabisa. Magharibi ya mji, kuelekea Sake, mashimo ya aina hiyo ndiyo hukusanya mazuku: kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, inayotuama kama maji, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi huanguka kabla ya mchungaji kwa kuwa pua yake iko chini. Ukiona ndege au panya wamekufa shimoni, usishuke kuwatazama. Wenyeji wanayajua mashimo yao. Waulize, uyatie alama kwa kalamu nyekundu.

Dhana: Simu ikitofautiana na ramani ya zamani, simu imekosea.
Ukweli: Mara nyingi ni datumu, yaani msingi wa kupimia mahali ambao ramani imejengwa juu yake. Simu hutumia WGS84, ramani ya zamani hutumia nyingine, na pengo linaweza kufika mita 300 hivi. Soma datumu pembeni mwa karatasi, ibadilishe kwenye programu, chagua UTM (mfumo wa gridi ya mita) kanda ya 35 kusini, kisha hakikisha ukiwa mahali unapopajua, kwa mfano kilima cha Mont Goma. Dira nayo usiiweke juu ya jiwe la lava: lina chuma, sindano huyumba.