Ardhi inapotitia juu ya mgodi wa makaa: kwa nini napima umbali kabla ya kina

Wanaoniuliza kuhusu kazi yangu ya kupima ardhi juu ya migodi ya makaa ya mawe karibu wote huanza na swali moja: ardhi imeshuka kiasi gani? Ni swali la haki, lakini nyumba haipasuki kwa sababu imeshuka, bali kwa sababu ardhi chini yake imevutwa au kugandamizwa. Iliyo katikati ya eneo lililotitia yaweza kushuka mita nzima na milango yake ikaendelea kufungwa vizuri, ilhali jirani yake wa pembeni, aliyeshuka sentimita chache tu, ana nyufa kutoka msingi hadi lenta.

Katika uchimbaji wa ukuta mrefu, mashine hukata tabaka la makaa kwa upana wa mita 200 hadi 400, ikienda na kurudi, na dari hushikiliwa na nguzo za haidroliki zinazosogea mbele kadiri makaa yanavyotoka. Nyuma ya nguzo hizo dari huachwa ianguke, kwa makusudi kabisa. Mwamba wa juu hukalia kifusi hicho, ukipinda tabaka kwa tabaka hadi usoni mwa ardhi, na huko hutokea beseni pana kuliko uwazi uliochimbwa. Hapa New South Wales, Australia, ninakofanya kazi, uchimbaji wa tabaka moja hushusha ardhi kwa asilimia 65 hivi ya unene wa makaa ukizidi sana, yaani karibu mita 2 kwa tabaka la mita 3. Na katika Southern Coalfield, eneo la makaa lililo kusini mwa Sydney, ambako tabaka liitwalo Bulli limelala mita 400 hadi 500 chini, mara nyingi kiasi hicho huwa kidogo zaidi, kwa kuwa upana wa uchimbaji ni mdogo ukilinganishwa na kina.

Kwenye kingo za beseni ardhi huvutika, na kuelekea katikati hugandamizwa. Kwa hiyo mimi hupanga vigingi katika mstari unaolikatiza beseni, vikipishana kwa takriban sehemu moja ya ishirini ya kina: kina kikiwa mita 400, kigingi kila mita 20. Nikirudi nikakuta mita 20 zimekuwa 20.02, ardhi hapo imevutika milimita 1 kwa kila mita. Jicho halioni kitu, lakini ukuta wa matofali umeshahisi.

Reli ndiyo huonyesha jambo hili waziwazi. Huko Tahmoor, makaa yamechimbwa chini ya reli kuu ya Sydney na Melbourne huku treni zikiendelea kupita. Hatari haikuwa kushuka kwa tuta, kwani kokoto huongezwa na njia ikanyooshwa; hatari ilikuwa chuma kilichoungwa bila nafasi, ambacho kikigandamizwa hujipinda ghafla. Vikawekwa viungo vya kuteleza vinavyoiruhusu reli kurefuka na kufupika, pamoja na vihisi vya kupima mkazo wake.

Nilijifunza ugumu wa kingo kwa kosa langu mwenyewe. Katika mgodi mmoja nilianzia vipimo kwenye bikoni, yaani alama ya rejea ya wapima ardhi, niliyoiamini kuwa imetulia, na vigingi vya mbali vikaonekana kupanda milimita 9. Ardhi ile haikuwa na sababu yoyote ya kupanda. Bikoni yangu ndiyo iliyokuwa inazama, ikiwa ndani ya ukingo wa beseni, na vipimo vya wiki tatu vikarudiwa vyote. Sasa bikoni za rejea naziweka kilomita kadhaa nje, na ninazikagua zenyewe kwa GPS.

Setilaiti za rada kama Sentinel-1 zinanisaidia sana huko kingoni. Ukilinganisha picha mbili za nyakati tofauti, mzunguko mmoja wa wimbi la rada ni sawa na msogeo wa sentimita 2.8 kuelekea setilaiti au kuiacha, hivyo mahali penye mwendo mdogo picha husomeka vizuri, ila katikati ya beseni linaloshuka kwa kasi huvurugika. Tena rada hutazama kwa mshazari, na msogeo wa kaskazini na kusini karibu haiuoni kabisa. Vigingi siviachi.

Pagumu kuliko pote ni mabonde ya mito. Kingo mbili za bonde husogeleana, na mwamba wa chini, kwa kukosa pa kwenda, hubinuka na kupasuka. Mto Cataract ulipasuka hivyo miaka ya 1990, maji yakazama katika nyufa. Kwa hiyo kila mstari wangu unaovuka mto huwa na vigingi viwili vya ziada, kimoja kila ng'ambo, na umbali kati yake ndio ninaoupima kwanza nikifika.