Kabla ya kuendesha gari hadi Watamu, uliza mwezi ni wa ngapi

Kazi yangu ni kusafirisha watalii, na wateja wa hapa Jinja, Uganda, wanaotaka kwenda baharini Watamu, pwani ya Kenya, kwa gari lao huniuliza kwanza habari za mpaka wa Malaba. Mpakani si tatizo: mtu hupita kwa kitambulisho cha taifa, gari huhitaji karatasi za umiliki, kibali cha forodha na bima ya njano ya COMESA, ile ya kuvukia nchi jirani. Mimi huwauliza: siku mtakayofika, mwezi wa angani utakuwa na siku ngapi tangu uandame?

Sisi wa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, tumezoea maji yasiyohama. Unaegesha ukingoni Entebbe asubuhi, jioni unalikuta ziwa palepale. Pwani ya Kenya, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Siku hizo maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri, kisha kila siku huchelewa dakika 50 hivi. Anayeteremsha gari saa nne huona uwanja mpana, mgumu kama murram. Mchanga huo ukianza kulowa tena, hulegea. Kanyaga kwa kisigino: maji yakibubujika pembeni, tairi litazama. Na Prado si ngalawa.

Hata usipokwama, pale si barabara. Kasa, kobe wa baharini, hutaga juu kidogo ya alama ya maji kujaa, na mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Tairi moja linatosha kuyaharibu, na taa za gari usiku huwapoteza watoto wa kasa wanaotafuta bahari. Egesha juu, ushuke kwa miguu.

Mbuga ya bahari ya Watamu ilitengwa mwaka 1968. Ndani ya eneo la mbuga hakuna kuvua kabisa. Kwenye hifadhi inayopakana nayo wavuvi wa kienyeji wanaruhusiwa. Panda mashua maji yakiwa yamepwa, samaki wa matumbawe utawaona vizuri, ila usisimame juu ya matumbawe. Nenda wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi. Kusi, upepo wa kusini, likivuma bahari huchafuka, na pesa ya mashua naiona ni ya bure.

Ukirudi, usingoje woshingi bei, pa kuoshea magari, ya Jinja. Osha gari kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, hukohuko pwani, hasa chini: breki, springi na waya. Hewa yenyewe ina chumvi.