Tensa ya Minkowski: ulimwengu una upande unaoupendelea?

Siku ya bamvua, maji yakipwa pwani ya Bagamoyo, mafungu ya mchanga huibuka mojamoja. Vinaanza vilele, vilele vinaungana, na ndani ya fungu kubwa vinabaki vidimbwi. Hali hiyo yote unaweza kuieleza kwa namba tatu: eneo la mchanga uliotoka, urefu wa mzingo wake, na idadi ya mafungu ukitoa idadi ya vidimbwi. Hivyo ndivyo vipimo vya Minkowski, vilivyopewa jina la mwanahisabati Hermann Minkowski (1864–1909).

Wanaastronomia huvitumia kwenye nuru kongwe kuliko zote tunazoweza kuziona, mnururisho wa mikrowevu ambao Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965. Joto lake ni kelvini 2.725 kila upande wa mbingu, likitofautiana kwa takriban sehemu moja tu katika 100,000. Ramani yake iliyochorwa na setilaiti ya Planck, iliyorushwa 2009, imejaa madoa. Chagua kiwango cha joto kama unavyochagua kina cha maji: kilicho juu yake ni mchanga, kilicho chini ni bahari.

Namba hizo tatu, hata hivyo, hazijui kusi wala kaskazi. Geuza fungu upendavyo, hazibadiliki. Hapo ndipo inapohitajika tensa, yaani kipimo kinachobeba ukubwa pamoja na uelekeo. Shika dira, uzunguke ukingo wa fungu, na kila hatua andika unaelekea wapi. Kwenda kaskazini na kurudi kusini kuhesabike kuwa mstari mmoja, la sivyo kila mzunguko utajifuta wenyewe. Mwisho unabaki na namba mbili, ya upande mrefu na ya upande mfupi. Gawanya ndogo kwa kubwa: duara litakupa 1 (na mraba pia, jambo linalowashangaza wengi), fungu jembamba kama ngalawa litakaribia 0.

Wengi hukosea hapa. Madoa kuwa marefu si ajabu. Hata mbingu isiyo na upendeleo wowote huyazaa. Swali ni kama yamelala upande mmoja. Kwa hiyo jumlisha kwanza tensa za madoa yote, ndipo ugawanye. Yakielekea ovyo, urefu wa hili hufidia wa lile na jibu hukaribia 1. Yakipangwa kama mafungu yaliyokokotwa na mkondo mmoja, jibu hushuka.

Hata mbingu safi haitoi 1 kamili, maana idadi ya madoa ina kikomo, ukanda wa galaksi yetu hufunikwa, na kuikunjua tufe kuwa karatasi huyavuta maumbo. Kwa hiyo ramani halisi hulinganishwa na mbingu nyingi za kuigiza, za kompyuta, zilizopitishwa kwenye kasoro zilezile. Tofauti ya joto itokanayo na mwendo wetu wenyewe, kama kilomita 370 kwa sekunde, huondolewa mapema. Ramani za joto za Planck zimelingana na mbingu hizo za kuigiza.

Kipimo hiki hakijibu kila kitu. Kuna dalili, hafifu lakini sugu, kwamba tofauti za joto ni kubwa zaidi katika nusu moja ya mbingu. Ni kama mafungu ya upande wa Kaole yawe na vilele virefu kuliko ya upande wa mjini, na bado hakuna hata moja lililopangwa mstari na jenzake.