“Galaksi iliyopotea” haikupotea angani

Kuna kipande cha video kinachozunguka kwenye magrupu, msimulizi akisema kwa sauti nzito kwamba wanaastronomia “walipoteza galaksi” kwa karibu miaka mia mbili, kisha ikajitokeza tena. Picha ni ya M91, yaani galaksi yenye namba 91 katika orodha ya kale ya Mfaransa Charles Messier. Kila anayeituma anaongeza la kwake: ilimezwa, ilizimika, ilifichwa tusiione.

Galaksi haizimiki kama kibatari. Kwa watu wanaoshughulika na orodha za kale za anga, kitu “kilichopotea” ni maandishi ya orodha ambayo hayajaoanishwa na kitu chochote kilichopo angani. Maana ni hiyo tu. Uchafu wote uko kwenye karatasi.

Usiku wa tarehe 18 Machi 1781, Charles Messier alikuwa Paris akipekua kwa darubini eneo la makundi ya nyota ya Mashuke na Nywele za Berenike. Kazi aliyoipenda ilikuwa kuwinda kometi. Viukungu visivyosogea, yaani madoa hafifu ya mwanga yanayofanana na kometi, aliviorodhesha ili visimpotezee muda. Usiku ule, katika eneo hilo, aliandika vinane, M84 hadi M91. Desturi ilikuwa kupima umbali wa kila kimoja kutoka kitu jirani ambacho mahali pake pameshajulikana. Hiki cha mwisho alikipima kutoka M89, lakini wakati wa kupiga hesabu akatumia mahali pa M58, kitu kingine cha orodha yake. Viwili hivyo vimeachana angani karibu nyuzi (digrii) 1, kitu kama upana wa Mwezi mpevu mara mbili. Kosa lote likaingia kwenye orodha, likachapishwa.

Waliofuata waliielekeza darubini pale palipoandikwa, wakakuta patupu. Wengine wakasema Messier aliona kometi, wengine kwamba aliiandika M58 mara ya pili bila kujua.

Na hapa ndipo subira inaponiishia. Mwaka 1784 mwanaastronomia William Herschel aliiona galaksi ileile, akaiweka kwa namba yake katika daraja la II la orodha yake, la viukungu hafifu. Mwanaastronomia J.L.E. Dreyer alipotoa NGC, katalogi yake ya viukungu na makundi ya nyota, mwaka 1888, yenye vitu 7,840, akaipa namba 4548. Hiyo “iliyopotea” ilikuwa imeonekana, imepimwa na ina namba mbili nyingine! Mwaka 1969 William C. Williams, mpenzi wa anga wa Texas, alichukua vipimo vya Messier akavianzia M89 badala ya M58, vikaangukia juu ya NGC 4548. Hakuhitaji darubini mpya.

Kuna na kinyume chake, ambacho hakipati video. NGC 4624, 4664 na 4665 ni galaksi moja iliyoandikwa mara tatu. Sijasikia mtu akilia kwamba mbili zimetoweka.

Mwingine hufungua katalogi ya Dreyer, huchukua tarakimu zake za mahali pa kitu kama zilivyo, huingiza kwenye programu ya simu ya ramani ya anga, kisha hutangaza “haipo”. Tarakimu zile zinaonyesha mahali pa vitu kama palivyokuwa mwaka 1860. Mhimili wa Dunia unayumba polepole, na kufikia mwaka 2000 mahali pa kitu kwenye ramani pangeweza kuwa pamesogea karibu nyuzi 2. Lazima zisahihishwe kwanza.

Ukitaka kuitafuta M91 mwenyewe ukiwa Dar es Salaam, mwishoni mwa Aprili inafika juu kabisa mnamo saa nne na nusu usiku, upande wa kaskazini. Bahati mbaya ndiyo masika yenyewe, kwa hiyo uvizie usiku uliotakata, usio na Mwezi, mbali na taa za mji. Kwa darubini yenye kioo cha upana wa inchi 8 utaona ukungu mdogo, katikati umekolea kidogo, na utaona vizuri zaidi ukitupa jicho pembeni yake kuliko ukiukodolea. Usishangilie bado. Nusu nyuzi kusini-mashariki yake ipo NGC 4571, hafifu zaidi, ambayo nayo iliwahi kudhaniwa kuwa ndiyo M91. Linganisha nyota zilizo jirani na ramani, moja moja, mpaka ujue umeshika ipi. Kazi hiyo ndiyo huitwa utambuzi. Kuona ukungu ni nusu yake tu.

Aliyekutumia video hana haja ya kuaibishwa. Mwambie tu kwamba M91 ilikuwapo muda wote, ila kuanzia 1781 hadi 1969 namba hiyo ilikuwa imebandikwa mahali pasipo na kitu. Akiandika “namba iliyopotea” atakuwa amesema kweli.